Mfuko wa matangazo wa franchaizi: kukata wanajua, mahesabu hawaonyeshi

Wakuu, leo uvumilivu umenishinda.

Naendesha mgahawa kwa franchaizi, yaani mgahawa ni wangu ila natumia jina na nembo ya kampuni mama kwa mkataba na kuilipa, mwaka wa tano huu. Nakatwa mrabaha, ada ya kutumia jina lao, wa asilimia 5 ya mauzo, halafu asilimia 4 ya mfuko wa matangazo, chungu tunachochangia wamiliki wote na kampuni ndiyo inakishika. Juu ya hapo mkataba unanilazimisha kutumia asilimia 2 nyingine kujitangaza eneo langu. Zingatieni: mauzo, si faida. Kila 100 inayoingia kwenye droo, 11 ina mwenyewe kabla sijagusa pango, mishahara wala gesi. Mwezi uliopita nilikula hasara, na bado walijichukulia chao moja kwa moja benki.

Kilichonichoma zaidi ni barua ya juzi. Ile asilimia 2 nilichapishia vipeperushi. Nikasimama barabarani na vijana wangu tukavigawa, na wateja wakaja navyo mkononi. Nikatuma risiti zote. Zimekataliwa, eti nyekundu ya nembo imekolea kuliko yao na sikuomba kibali kwanza. Kwa hiyo kwenye vitabu vyao sikutangaza kitu, na kiasi chote hicho natakiwa nikiingize kwenye mfuko wao. Tangazo moja, nalipia mara mbili!

Na huo mfuko unanisaidia nini? Kampeni kubwa ya mwaka huu ni punguzo la bei. Wao wanakula kwenye mauzo, foleni ikirefuka wanapata. Mimi kila sahani ya punguzo inanitia hasara. Juzi nilikaa kaunta nikahesabu wateja saba mfululizo, wote waliagiza mlo huo mtupu, hata kinywaji hakuna aliyeongeza. Na mlo huohuo nao unakatwa asilimia 4.

Kiwango chenyewe sikigombanii sana. McDonald's kule Marekani nao wanadai wamiliki watumie angalau asilimia 4 ya mauzo kwa matangazo. Lakini kule kanuni za Tume ya Biashara ya Shirikisho zinaibana kampuni mama: siku 14 kabla hujasaini wanakupa waraka unaoonyesha fedha za mfuko zilivyotumika mwaka uliopita, asilimia ngapi utengenezaji, ngapi vyombo vya habari, ngapi uendeshaji, na ngapi kutafutia wamiliki wapya. Hiyo ya mwisho ndiyo inaniuma, maana kila tangazo letu mtandaoni linaishia na "miliki mgahawa wako". Pesa yangu inamtafuta jirani wa kuja kugawana wateja na mimi!

Nimeomba mchanganuo mara tatu. Jibu ni lilelile, ripoti itatolewa wakati mwafaka.

Mwenye mkataba unaompa haki ya kudai mfuko ukaguliwe, naomba aniwekee hapa hicho kifungu kilivyoandikwa. Wangu unaisha mwakani, na ukurasa ule wa mfuko sisaini tena ulivyo.