Mnaouza Yamaha AG100 mkiwa mmeziba pampu ya oili, mnaua mashine na mtaua watu

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo muda wa kutosha. Leo naitoa.

Kuna mchezo unachezwa kwenye hizi Yamaha za zamani, AG100 na DT175, na anayeumia siku zote ni mnunuzi. Kwa wasiozijua, hizi ni tustroki, yaani injini inachoma oili pamoja na petroli. Oili yake haikai chini kwenye injini kama ya Boxer au TVS. Ina tangi lake dogo pembeni, na kuna pampu inayozungushwa na injini yenyewe. Pampu hiyo imeungwa na waya wa mafuta, ule wa kuongezea mwendo: ukivuta kidogo inatoa oili kidogo, ukivuta sana inaongeza. Yamaha wanauita mfumo huo Autolube na walianza kuutumia mwaka 1964. Ukiwa mzima, petroli unaweka kwake, oili unaweka kwake, unatembea.

Sasa mafundi wengi, pampu ikianza kusumbua au wakiiogopa tu, wanaziba njia yake na kumwambia mwenye pikipiki awe anachanganya oili na petroli mwenyewe. Hilo silipingi hata kidogo. Ukichanganya vizuri, chombo kinatembea miaka. Ninachopinga ni mtu kukiuza kikiwa hivyo, tangi la oili amelijaza mpaka juu, halafu ukimuuliza anakuapia.

Mimi niliuliza, tena mbele ya watu: pampu inafanya kazi? Jibu lake: "Kaka, oili weka huku, petroli weka kule, nenda zako. Hii haijaguswa tangu kiwandani." Pampu ipo, mipira ipo, waya upo. Ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta ameshindilia kipande cha msumari na silikoni. Petroli iliyokuwemo siku ya kuijaribu alikuwa ameshaichanganya, ndiyo maana moshi ulitoka vilevile unavyotakiwa.

Nilitoka nayo Morogoro kwenda Iringa. Nikaongeza petroli Ruaha Mbuyuni, petroli tupu, kwa sababu ndivyo nilivyoelekezwa na aliyeniuzia. Mnaoijua Kitonga mnajua palivyo: kona, mlima, malori yenye mizigo yamefuatana. Pale katikati ya mlima pistoni ikakaba na tairi la nyuma likafunga papo hapo. Niliwahi kubana klachi nikasogea pembeni, lori likanipita jirani kabisa na bega. Hapo ndipo nataka muuzaji anisikie. Ulijua. Ulikata msumari kwa mkono wako au ulimwona aliyeukata, ukachukua hela yangu, ukanitakia safari njema.

Sehemu ya pili ya balaa ni matengenezo. Vijana wetu wengi wa gereji wamejifunzia kwenye bodaboda, na bodaboda karibu zote ni fostroki, zile za oili kukaa chini kwenye injini. Siwalaumu kwa kutoijua tustroki, nawalaumu kwa kusema wanaijua. Fundi aliyeipokea alichonga silinda na kupima nafasi ya pistoni kwa jicho. Kwa jicho! Kazi inayotaka kipimo cha sehemu za milimita. Sili za krenki, yaani mipira inayoziba pembeni mwa shafti ya injini, akaziacha zilezile zilizokauka kama gamba, akasema hazivujishi oili kwa hiyo ni nzima.

Kwenye fostroki sili ikichoka utaona oili inadondoka, basi. Kwenye tustroki chumba cha krenki ndicho kinachovuta petroli na hewa kabla havijapanda juu. Sili ikipitisha hewa, petroli inapungua, na oili iliyomo humo inapungua nayo. Joto linapanda, pistoni inaliwa upya. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, pistoni mpya ikakwaruzwa kabla hata rangi ya mafini, yale mapezi ya kupoza silinda, haijabadilika. Tulipofungua tukakuta pia ringi alizilazimisha: vile vipini vidogo kwenye mifereji ya pistoni, vinavyozuia ncha za ringi zisizunguke zikanasa kwenye matundu ya silinda, kimoja amekisaga. Pistoni yenyewe ina stika ya Japani, ukiikwangua chini yake kuna herufi ambazo si za Kijapani wala za Yamaha.

Naumia kwa sababu mashine hizi zina heshima. AG100 ilitengenezwa kwa kazi za shamba: cheni imefunikwa isipate tope, kuna keria mbele na nyuma, stendi za pembeni kulia na kushoto. Mabwana shamba na watu wa misheni wamepanda nazo milima ambayo gari haifiki. Kuipaka rangi nyekundu, kubandika stika mpya na kuita hiyo "imefufuliwa" ni matusi.

Anayetaka kununua, fanya hivi. Weka kwanza petroli iliyochanganywa, mililita 50 za oili ya tustroki kwa kila lita 1, ili majaribio yenyewe yasiiue injini. Iwashe, chomoa mpira wa oili pale unapoingia kwenye kabureta, ziba tundu lililobaki kwa kidole, kisha vuta waya wa pampu kwa mkono. Vuta subira kidogo, oili lazima idondoke. Isipodondoka, pampu imekufa au imezibwa, na bei ishuke au uondoke. Muuzaji anayekataa mpira huo uchomolewe anajua kilichomo ndani.

Na wewe uliyeniuzia, ujumbe wangu umeusoma, nimeona. Nataka gharama ya silinda na pistoni zote mbili. Msumari wako ninao, mpira wako ninao, na waliokusikia ukiapa wapo tayari kusema. Pokea simu.