Tupeane uzoefu: mkuu wa shule akiingia darasani, mwalimu anafaidika vipi?

Wakuu wa shule, wataaluma na walimu, karibuni. "Usimamizi uwe shirikishi" tumeshausikia sana. Tupeni hatua: unaingiaje, unaandika nini, unatoka na nini?

#2
Anzeni kabla ya kipindi. Dakika kumi tu, andalio la somo likiwa mezani, mkubaliane na mwalimu jambo moja la kuangalia: maswali yake, kazi za vikundi, au anavyopima kama wameelewa. Ukiingia na fomu ya vipengele 25 utatoka na vema 25 na hamna la kuzungumza. Kaa ubavuni uone nyuso. Ukikaa nyuma utaona visogo. Na ukae kipindi chote, maana somo huharibika katikati, mifano ya ubaoni inapoisha na zoezi kuanza. Wa kuchungulia dirishani hapaoni hapo.

#3
Kwenye kuandika: chora ramani ya madawati. Swali likimwendea mwanafunzi, weka nukta kwenye kiti chake. Kipindi kikiisha utakuta nukta zimejazana safu ya mbele, na hapo huna haja ya kumshawishi mtu. Pima pia ukimya baada ya swali. Walimu wengi husubiri kama sekunde moja, kisha wanajijibu wenyewe. Wakifikisha tatu, majibu hurefuka na wanaojitokeza huongezeka. Usiandike "somo limepoa". Andika: "Saa 3:10, 'Mmeelewa?' Darasa zima: 'Ndiyoo!' Akaendelea."

#4
Mrejesho siku hiyohiyo au kesho yake, faraghani. Mpe ile ramani, unyamaze, aanze yeye. Mtoke na badiliko moja na tarehe ya kurudi darasani. Wengi hukwama hapo: hawarudi.

#5
Mnasahau kwamba mkuu huyohuyo ndiye anayejaza tathmini ya kupandishwa cheo. Kwa hiyo mwalimu anakufundishia somo la juzi. Utaona wanafunzi wanajibu swali halijaisha. Tenganisha: ziara za kusaidia zisiingie kwenye jalada, na walimu waambiwe hivyo mwanzoni mwa muhula. Ukizichanganya mara moja tu, habari inafika chumba cha walimu kabla yako.

#6
Na mkuu aliyesomea historia asijitie kusahihisha kemia. Aende na mkuu wa idara, yeye abaki na maswali, muda na madaftari ya wanafunzi.