Naomba ushauri: begi la mgongoni la safari ya porini, siku 5

Habari zenu wakuu. Natarajia kutembea porini siku 5, hema na chakula vyote mgongoni. Safari iliyopita niliazima begi la lita 80. Lilikuwa refu kuliko mgongo wangu, mkanda wa kiunoni ukashuka chini ya nyonga na uzito wote ukaishia mabegani. Siku ya pili nilikuwa nimechubuka hadi shati linagandia kwenye kidonda.

Safari hii nimejipima kwa futi kamba, kuanzia kile kifupa kinachojitokeza chini ya shingo hadi usawa wa juu ya nyonga: sentimita 46. Nina kilo 62, sitaki mzigo uzidi 13.

Je, lita 55 zitatosha au niende 65? Nafasi ikibaki huwa naijaza tu. Halafu, nichukue linaloshikana na mgongo au lenye wavu wa kupitisha hewa? Natoka jasho sana, ila la wavu huusogeza mzigo nyuma kidogo. Suala la mvua nimeshamaliza, nitatanguliza mfuko mzito wa plastiki ndani.

Aliyetembea na mojawapo likiwa limejaa, tafadhali aniambie mabega yalikuwaje siku ya tatu.