Naomba ushauri: niligonga kichwa, zaidi ya mwezi umepita ila maumivu na kizunguzungu haviniachi

Mwl_Chaki
Wakuu habari za muda huu. Naomba mawazo hasa kwa waliowahi kupata mtikisiko wa ubongo au waliomuuguza mtu wa hivyo. Mimi ni mwalimu, nilipanda juu ya meza kubandika chati ukutani, meza ikateleza nikaanguka chali kisogo kikapiga sakafu. Sikuzimia ila kwa muda nilikuwa sielewi niko wapi, na nikatapika mara moja. Hospitali wakanipiga picha ya CT ya kichwa wakasema damu haijavujia ndani wala mfupa haujapasuka, ni mtikisiko tu, nipumzike utaisha wenyewe.

Sasa haujaisha. Kichwa kinaanzia kisogoni kinapanda mpaka juu ya jicho, taa za darasani zinanichoma macho, watoto wakianza kusoma kwa sauti pamoja natamani nitoke nje. Kusahihisha madaftari ndo balaa kabisa, nikitoa macho kwenye jibu la mtoto nikapeleka kwenye karatasi yangu ya majibu halafu nikarudi, mistari inacheza na kichefuchefu kinaanza. Maneno yananipotea katikati ya sentensi. Usiku usingizi hauji, mchana nasinzia. Na kwa vile sina bandeji wala kidonda watu wananiona mzima, wengine wanahisi nadeka, hilo linaniumiza kweli. Nikirudi hospitali naambiwa kipimo kiko safi.

Mliopitia hii hali mlikuwa mnafanya nini cha kupunguza siku hadi siku?

nesi_wa_zamu
Pole sana mwalimu. Kabla ya yote, jikague haya: maumivu yanayozidi kila siku badala ya kupungua, kutapika tena na tena, mkono au mguu kuisha nguvu, ulimi kuwa mzito, degedege, kuchanganyikiwa, au kusinzia kiasi kwamba kukuamsha ni shida. Likitokea hata moja usisubiri majibu ya humu, nenda dharura, hata kama CT ya kwanza ilikuwa safi. Damu inaweza kuvuja polepole ikajionyesha baada ya wiki kadhaa, hasa kwa wazee na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Kama hayo huna, basi elewa kwamba CT inatafuta damu na mifupa iliyovunjika. Mtikisiko wenyewe ni ubongo kuvurugika utendaji wake, hauonekani kwenye hiyo picha. Kwa hiyo kipimo kuwa safi na wewe kuumwa vyote ni kweli kwa wakati mmoja, asikuambie mtu unadeka.

Baba_Mtulivu
Mimi nasema pumzika kabisa. Funga mapazia, simu weka mbali, lala mpaka kichwa kiache. Ubongo unahitaji giza na ukimya.

polepole_ndo_mwendo
Baba_Mtulivu kwa heshima yote hapo sikubaliani, hiyo ni kwa siku moja mbili za mwanzo tu. Ndivyo tulivyokuwa tunaambiwa zamani lakini wataalamu wamebadilika, hata tamko la mkutano wao wa Amsterdam wa 2022 lililotoka 2023 linasema kupumzika kabisa mpaka dalili ziishe hakusaidii, mtu aanze mwendo mwepesi mapema. Ukikaa gizani wiki nzima mwili unalegea, usingizi unavurugika, macho yanazidi kuogopa mwanga, na mawazo mabaya yanapata nafasi.

Mwalimu mimi niliumia kwenye ajali ya pikipiki na kilichonivusha ni kutembea. Unafanya hivi: kabla hujatoka jipe alama ya maumivu kutoka sifuri mpaka kumi. Tembea mwendo ambao bado unaweza kuongea. Alama ikipanda moja au mbili endelea taratibu au punguza, ikizidi hapo simama. Kama ndani ya saa moja hali imerudi ilivyokuwa basi hujajiumiza, kesho rudia, ukizoea ongeza kidogo. Ikibaki juu mpaka jioni ujue ulivuka, kesho punguza lakini usiache. Kuumwa kidogo wakati wa zoezi sio dalili kwamba ubongo unaharibika, hilo lilinichukua muda kuliamini na nadhani ndo lilikuwa gumu kuliko yote.

Na siku ukijisikia vizuri usitake kumaliza kazi zote zilizolala, utailipa kesho yake.

fizio_shingo
Mwl_Chaki nina maswali mawili. Kizunguzungu kinakuja pia ukiwa kitandani unageuka? Na ukiminya misuli chini ya kisogo, yale maumivu ya juu ya jicho yanaamka? Halafu unameza dawa za maumivu mara ngapi?

Mwl_Chaki
Asanteni mno, hapo kwenye kipimo safi mmenitua mzigo. fizio_shingo, ndiyo, nikigeukia kulia chumba kinazunguka, kinakaa kidogo kinatulia. Kisogoni nikiminya naruka. Dawa nameza karibu kila siku, panado au ibuprofen, bila hivyo siwezi kufundisha.

fizio_shingo
Basi sikiliza, kwako naona mambo zaidi ya moja yamekaa pamoja na kila moja lina tiba yake, ndo maana "pumzika tu" haikutoshi.

Hicho cha kitandani kinafanana sana na tatizo la sikio la ndani. Mle kuna vipunje vidogo vya chokaa, kichwa kikipigwa vinabanduka vinaingia kwenye mifereji ya kupima mizani, ukigeuka vinasukuma maji na ubongo unadhani unazunguka. Kinadumu chini ya dakika. Daktari au fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi) anayeijua kazi hii atakulaza haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande huku anatazama mboni zako, akiziona zinachezacheza kwa namna fulani anajua ni sikio lipi na mfereji upi, kisha anakigeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka vipunje virudi mahali pake. Wengi wanapata nafuu kubwa kwa mara moja au chache. Usijaribu mwenyewe kwa video kabla shingo haijakaguliwa, maana ulianguka chali.

Shingo nayo ilitikisika siku ileile. Maumivu yanayoanzia kisogoni kwenda kwenye jicho mara nyingi yanatoka kwenye viungo na misuli ya juu ya shingo. Hapo ni fizio kwa mikono pamoja na mazoezi ya kuimarisha shingo. Nyumbani weka taulo lenye joto, na daftari linyanyue lije usawa wa macho badala ya wewe kuliinamia.

Mistari kucheza ni macho kushindwa kukutana pamoja kwenye kitu cha karibu, inatokea sana baada ya mtikisiko. Mwone mtaalamu wa macho na umwambie uligonga kichwa, usiseme tu naomba miwani, kuna mazoezi yake.

nesi_wa_zamu
Niongeze kwenye dawa. Panado au ibuprofen ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, zenyewe zinageuka chanzo cha kichwa kuuma. Zenye mchanganyiko wa kodeini, ile dawa kali ya maumivu, ni siku 10 tu. Ongea na daktari akupangie namna ya kupunguza, maumivu yanaweza kupanda kwanza kabla ya kushuka. Kama kichwa kinakuja na kichefuchefu na kuogopa mwanga mwambie pia, kuna dawa za kukinga kama za kipandauso.

Usingizi: amka saa ileile kila siku hata kama ulilala vibaya, cha mchana kisizidi nusu saa na kisivuke saa tisa, kahawa iishie asubuhi. Pombe acha kabisa kwa sasa.

Mwl_Chaki
Vipi miwani ya giza ndani ya nyumba? Ndo inayonisaidia kwa sasa.

polepole_ndo_mwendo
Nje kwenye jua vaa. Ndani ivue kidogokidogo, macho yakizoea giza mwanga wa kawaida utazidi kukuchoma. Kofia yenye ukingo mbele inatosha kwa zile taa. Vya kuziba masikio hivyo hivyo, tumia kwenye kelele kweli, sio kutwa nzima. Simu punguza mwanga, kuza maandishi, na usiperuzi kwa kidole harakaharaka, ule mwendo wa kurasa ndo unaoleta kichefuchefu.

Mama_wa_Kipa
Samahani naingilia, mwanangu aligongana kichwa na mwenzake uwanjani, anasema yuko sawa anataka mechi ya mwisho wa wiki.

fizio_shingo
Mama hapana. Arudi darasani vizuri huku akianza mwendo mwepesi, kisha kukimbia, mazoezi ya mpira bila kugusana, daktari amruhusu, ndipo mazoezi ya kugusana na mwisho mechi. Kila hatua angalau saa 24. Pigo la pili kabla ya kupona linaweza kuwa baya mno, na watoto wanachelewa kupona kuliko watu wazima, wiki nne ni kawaida.

Mwl_Chaki
Nimerudi wakuu. Nimeonana na fizio, alivyonilaza tu macho yakaanza kucheza, ni sikio la kulia kweli. Kitandani sasa nageuka bila chumba kuzunguka, namshukuru Mungu na nawashukuru ninyi. Shingo tumeanza, kichwa bado kipo ila asubuhi kimekuwa chepesi. Kusahihisha bado kunanishinda, na mkuu wa shule anataka nirudishe vipindi vyote. Nimwambieje?

nesi_wa_zamu
Mwombe daktari aandike barua yenye mambo yanayopimika, sio "apewe kazi nyepesi". Iseme nusu ya vipindi kwa kuanzia, visifuatane, chumba kimoja cha utulivu cha kupumzika dakika kumi katikati, madaftari ayasahihishe kwa mafungu madogo au wanafunzi wabadilishane wasahihishiane, na tarehe ya kukagua tena. Mkuu akiona kuna mpango na tarehe anaelewa haraka. Hiyo nakala baki nayo.