Mgombea Wetu Amemkabidhi Mama Yangu Sahani Chafu Msibani

Ndugu zangu wa Minnesota, naandika nikiwa bado nimevaa nguo za msibani, kwa sababu nikisubiri hadi kesho hasira itapoa, nami sitaki ipoe. Mgombea ninayemzungumzia mnamfahamu. Uso wake umechomekwa kwenye nyasi za kila nyumba kuanzia barabara kuu hadi mtoni, na ninaamini hata kulungu wanaokatiza uani kwetu alfajiri wameshamzoea.

Jioni ya leo tulikuwa na mchango wa kusafirisha mwili wa mama yangu mdogo kwenda kuzikwa Mombasa. Mgombea aliingia ukumbini, akaomba kipaza sauti kwa dakika mbili, akakaa nacho mpaka pilau ikapoa na mafuta yakaganda, kisha akapeana mkono na kila aliyekuwepo, na nadhani hata na nguzo. Hayo niliyavumilia, kwa kuwa msiba hauna mwaliko. Akapakuliwa, akala, akasimama, akapita mbele ya watu wote hadi kwenye kiti cha mama yangu, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele amejitanda leso, na akamkabidhi sahani yake chafu.

Ilikuwa sahani ya karatasi, na ndani yake mlikuwa na mfupa wa paja la kuku, mabaki ya kachumbari na karatasi ya kupangusia midomo iliyofinyangwa. Alimwambia asante, chakula kilikuwa kizuri, akamgusa bega, akaenda zake kupigwa picha. Mama aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kitu chochote kutoka kwa mgeni, akabaki ameipakata magotini hadi nilipomfikia.

Mama ana umri wa miaka 71 na tangu aapishwe kuwa raia hajakosa uchaguzi hata mmoja. Mimi mwenyewe nimetoka shifti ya usiku katika nyumba ya wazee, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikaenda kumpigia mgombea huyo hodi milangoni kwa watu hadi soli zikaisha. Baraza la Wawakilishi la jimbo hili lina viti 134, na uchaguzi wa mwaka 2024 uliviacha vyama viwili vikiwa na 67 kwa 67, huku kiti kimoja kikiamuliwa kwa tofauti ya kura zisizofika 20. Anayezijua hesabu hizo anampaje mpiga kura mfupa?

Asiniambie mtu kwamba huenda hakujua. Picha ya marehemu ilikuwa mezani pembeni ya mama, na sanduku la mchango lilikuwa chini ya picha. Pipa la taka, kubwa kama ng'ombe, lilikuwa njiani kwake, akalipita, akaenda kwa mama. Tarehe 3 Novemba anataka kura yetu. Mimi nataka kwanza aje aichukue sahani yake, ambayo nimeihifadhi, mfupa na vyote.

Shangazi wa Nyali: Pole sana, mwanangu, Mungu amlaze marehemu mahali pema. Sahani hiyo tuliiona sote tuliokaa upande wa wanawake. Kwenye harusi ya mpwa wangu mtu huyo huyo alimpa bwana harusi funguo za gari ili akamwegeshee, na bwana harusi alikuwa na ua kifuani.

Mzee wa Kitaa: Kijana, mabango manne yaliyo uani kwako uliyachomeka kwa mkono wako. Nilikuonya tangu mkutano wa mtaa wa chama mwezi Februari, ukaniambia kwamba wazee hatuelewi siasa za hapa. Uliyachomeka, tena, kwa nyundo yangu, ambayo hadi leo hujairudisha.

Mwenye uzi: Mzee wangu, shikamoo, nyundo nitaileta kesho. Mimi nazungumzia sahani.

Mkalimani: Kuhusu sahani nakuunga mkono, lakini je, mmekisoma kipeperushi chake cha Kiswahili? Kimeandikwa kwa herufi kubwa, "Ninakimbia kwa ajili ya Nyumba." Baba yangu alivaa miwani, akasoma mara mbili, akauliza ni nyumba ya nani inayoungua. Mtu yeyote anayekisema Kiswahili angemweleza kwamba anagombea kiti katika Baraza la Wawakilishi.

Shangazi wa Nyali: Ukurasa wa nyuma unasema atapigana kwa ajili ya familia yangu. Mama mkwe ameogopa, na ameniuliza tumegombana na nani.

Mkalimani: Waliniomba nikitafsiri, nikataja malipo, wakanijibu kwamba hiyo ni kazi ya kujitolea. Mchapishaji alilipwa, mpiga picha alilipwa, aliyetengeneza mabango alilipwa, na lugha yetu peke yake ndiyo iliyotakiwa itolewe bure.

Jirani wa Ghorofa ya Tatu: Mnabishania maneno, na mimi nauliza kama kweli anaishi hapa. Sheria inataka mgombea awe amekaa katika eneo la uchaguzi angalau miezi sita kabla ya siku ya kura, na Desemba 2024 jaji aliamua kwamba mshindi wa kiti cha 40B hakulitimiza sharti hilo, hivyo uchaguzi ukarudiwa. Nyumba anayosema ni yake napita mbele yake kila usiku nikitoka kazini, na taa sijaiona ikiwaka.

Mzee wa Kitaa: Mkalimani, ungeitafsiri tu bure, tusingeaibika.

Mkalimani: Mzee, nyundo moja umeidai tangu Februari, na mimi nisidai kazi ya siku mbili?

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye sahani. Mama ameniuliza sasa hivi kama yule mgeni alishiba.

Shangazi wa Nyali: Mpe mama pole nyingi, mwambie kesho nitakuja kukaa naye. Mkalimani, tutajie bei ya ukurasa mmoja, kwa sababu mpinzani wake naye ameleta kipeperushi leo mchana, na chake kinasema amesimama nyuma ya polisi.