Kilwa Kivinje: tuilinde, au tuiache ianguke yenyewe?

Wadau, hili tuliongee. Wilaya yetu ya Kilwa ikitajwa, kila mtu anakimbilia magofu ya Kilwa Kisiwani: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, msafiri Ibn Battuta aliyefika 1331, Wareno walioupora mji 1505. Ni haki yake. Magofu yale na ya Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na yalipowekwa orodha ya hatarini 2004 yalihangaikiwa mpaka yakatolewa 2014. Kivinje, mji wetu mkongwe wa pwani, imehangaikiwa na nani?

Piteni mitaa ya karibu na ufuko mjionee. Nyumba ya mawe ya ghorofa, boriti zinachungulia nje, mlango wa nakshi umeng'olewa limebaki tundu, ndani umeota mpapai. Mawe yakidondoka, jirani anayaokota kwa msingi wa banda lake. Simlaumu, bei ya saruji anaijua yeye.

Shemeji yangu, mzaliwa wa hapo hapo, hataki hata kusikia: "Nyumba za wauza watumwa na Boma la Mjerumani! Mnawahifadhia waliotunyonga?" Hoja nzito. Misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia Kivinje, na ni Kilwa Wajerumani walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, 1895. Mwembe Kinyonga, mti waliponyongewa watu, haukupewa jina hilo kwa utani. Lakini kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuhifadhi. Kisiwani wanasimuliwa masultani. Kivinje wanasimuliwa waliofikishwa pwani wamefungwa minyororo, na waliokataa kutawaliwa.

Kikwazo kingine ni sheria. Ile ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo la kabla ya 1863. La baada ya hapo mpaka serikali ilitangaze rasmi kuwa la kuhifadhiwa. Boma, kwa umri wake, linakosa kinga hiyo. Na hizo nyumba, nani ana karatasi ya kuonyesha zilijengwa mwaka gani? Nyingine ina warithi lukuki, nusu wako Dar, hakuna anayethubutu kugusa ukuta. Tena wanaogopa: nyumba ikishatangazwa, hata kupiga bati upya ni mpaka kibali.

Mikindani, kule Mtwara, Boma lao la Mjerumani lilikarabatiwa likawa hoteli, na limesimama. Ila lile ni jengo moja. Huku ni mtaa mzima wenye watu ndani. Mkikatazwa kubomoa, chokaa na fundi wa kuijua atawalipia nani? Warithi, semeni nyie kwanza.