Mtu amekaa barazani na kete mbili za bangi, yaani misokoto miwili, hati ya mashtaka inasema "kusafirisha". Anasafirisha kwenda wapi?

Wakuu, kabla hamjaanza kunitolea povu: sijasema bangi iuzwe sokoni kama dagaa. Nazungumzia adhabu ya mtu aliyekutwa na kete zake mbili mfukoni. Huku Mtwara na Lindi kila kijiwe kinaimba "adhabu ipunguzwe", ila ukiuliza ipunguzwe wapi, kwenye kifungu gani, watu wanatazama chini.

Fungueni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, Sura ya 95. Kifungu cha 17 ndicho cha kiasi kidogo cha matumizi binafsi: faini, au kifungo cha miaka michache. Sawa. Rudini nyuma kidogo hadi 15A, kilichochomekwa na marekebisho ya 2017: kusafirisha, miaka 30. Halafu nendeni kwenye tafsiri ya maneno mwanzoni kabisa mwone "kusafirisha" maana yake nini. Kuingiza nchini, kutoa nje, kununua, kuuza, kugawa, kuhifadhi, kupeleka... na KUWA NAYO.

Kuwa nayo! Mtu amekunja miguu barazani Chikongola, hapa Mtwara, anakunywa kahawa, kisheria yuko safarini. Hiyo 15A imewekewa dari ya uzito, yaani kiwango cha juu, ila sakafu, kiwango cha chini, haina. Kwa hiyo kete zile zile mbili zinaingia kwenye 17 na zinaingia kwenye 15A, na tofauti ya faini na miaka 30 inategemea neno atakaloandika mwandaa mashtaka siku hiyo. Hapa ndipo pa kupigia kelele, si kwenye ukubwa wa faini.

Kisha mizani. Msokoto mmoja ni kama nusu gramu mpaka gramu moja. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia korosho ghalani ukiitundikia kete tano mshale hautikisiki. Kwa uzito huo inatakiwa ya dijitali inayosoma gramu na pointi zake. Watu wanapima na mfuko, na gazeti lililofungia, na mche ukiwa na mizizi na udongo wake, halafu tarakimu hiyo hiyo inaandikwa kama uzito wa bangi. Na majani mabichi yakikauka yanapoteza karibu robo tatu ya uzito. Kilo moja iliyong'olewa masika, ikipimwa baadaye ikiwa kavu, ni kama gramu 250. Wakili akisimama kuuliza gramu 750 zimekwenda wapi, shahidi anaanza kukohoa. Kesi inaanguka, hata ya muuzaji wa magunia. Asiye na wakili haulizi, anafungwa. Uzembe ule ule, matokeo mawili.

Inavyotakiwa: upekuzi uwe na shahidi huru, kielelezo, yaani bangi iliyokamatwa, kipimwe mbele ya mtuhumiwa bila kifungashio, uzito uandikwe papo hapo kwenye hati ya ukamataji pamoja na saa, wote waliopo wasaini, bahasha ifungwe kwa lakiri. Baada ya hapo kila mkono unaoishika uandikwe: nani kampa nani, lini, mpaka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi. Mahakama ya Rufani ilishalisema hili kwenye rufaa namba 110 ya 2007 na linanukuliwa kila leo. Hati iliyojazwa kituoni, shahidi akiwa ameitwa kuja kusaini tu, ni ugonjwa.

Nyie ndugu wa washtakiwa nanyi mna lenu. Mnamshauri kijana "kubali tu uende nyumbani". Kwenda nyumbani na mashtaka gani? Hajasomewa kifungu, anajibu "ni kweli", na ikiwa ni kusafirisha amejimaliza kwa maneno mawili. Aliyekiri kosa akatiwa hatiani kwa kukiri huko, rufaa yake kwa kawaida inabaki kwenye adhabu tu. Kwanza asomewe kifungu kwa lugha anayoielewa. Kama maelezo ya kosa yakisomwa kuna kipande si kweli, mfano uzito, akikane hapo hapo kwa sauti.

Faini nayo. Tuseme hakimu kapiga laki 5. Korosho ikiwa shilingi 2,500 kwa kilo, hizo ni kilo 200, magunia mawili na nusu ya kilo 80. Mwenye mikorosho michache Tandahimba anazitoa wapi mwezi wa tano, minada imeshafungwa? Anakwenda gereza la Lilungu. Wakati Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu 2002 na inaruhusu kifungo kisichozidi miaka 3 kitumikiwe nje: afagie zahanati, achimbe mtaro. Ila ukimwandikia 15A mlango huo umeufunga mwenyewe.

Kwa hiyo wabunge wa Kusini mkirudi Dodoma msituletee hotuba. "Kuwa nayo" itolewe kwenye tafsiri ya kusafirisha kwa uzito ulio chini ya gramu zitakazotajwa kwa tarakimu ndani ya sheria yenyewe, na 15A ipewe sakafu. Msiogope Umoja wa Mataifa. Desemba 2020 Tume yake ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye jedwali kali kuliko yote la mkataba wa 1961. Afrika Kusini mahakama yao ya katiba iliondoa jinai kwa mtu mzima anayetumia faraghani mwaka 2018, na jirani zetu Malawi mwaka 2020 walitunga sheria ya kilimo cha bangi ya dawa na ya viwandani. Sisi tunabishana kuhusu kete.

Na wale ambao hukumu imeshatoka: kusudio la rufaa kutoka mahakama ya wilaya ni siku 10 tangu siku ya hukumu, msisubiri nakala. Sababu za rufaa ni siku 45, na humo muda wa kusubiri nakala hauhesabiwi. Aliye ndani anazipitishia kwa mkuu wa gereza, haina haja ya kutafuta nauli ya kumleta mtu Mahakama Kuu.